Mtungi Usiokunywa Mafuta

Shamis Jelle alikuwa na pua, na pua hiyo ndiyo iliyomponza. Mji mzima wa Habaswein uliijua. Aliinama juu ya mdomo wa mtungi, akavuta hewa mara moja, akasema ngamia alikula majani gani, alikamuliwa alfajiri au jana jioni, na kama mwenye mtungi ameyaongezea maji maziwa yake njiani. Mara nyingine alikosea. Lakini alikosea kwa sauti kubwa, na katika banda la wauza maziwa anayekosea kwa sauti kubwa hakuna anayembishia.

Banda lenyewe ni mabati juu ya nguzo, kando ya barabara ya Garissa kwenda Wajir, pale mabasi yanaposimama watu wanyooshe miguu. Wanawake huketi humo tangu jua linapochomoza, kila mmoja na mtungi wake wa plastiki wa manjano, na kwenye mkono wa mtungi amefunga kitambaa cha kuutambua. Kitambaa cha Shamis kilikuwa cha kijani. Maziwa yake yalitoka kwa ngamia wa mumewe Warsame, aliyekaa nao malishoni na kurudi mjini pale tu alipoumwa jino au alipoalikwa harusi. Mtungi uliondoka jioni kwa pikipiki ukiwa mtupu, na asubuhi pikipiki ikaurudisha umejaa.

Hapo bandani wanawake wana desturi yao. Kabla ya kuyamimina maziwa yote katika mkebe mmoja mkubwa wa alumini, kila mtu humtilia jirani yake kidogo kwenye kifuniko cha mtungi, jirani akaonja na kusema, "Waa yahay," yaani mambo sawa. Yakishaingia mkebeni hayana tena mwenyewe. Yakisifiwa wamesifiwa wote, na yakimwagwa wamemwagiwa wote.

Shamis alilelewa na mwanamke wa haan. Haan ni chombo cha maziwa kinachosukwa kwa mizizi ya mti, nyuzi zikabanwa mpaka maji yasipate pa kupita. Mama yake aliisuka kwa mikono yake, kisha akaanza kazi ndefu ya kuilisha. Aliifukiza kwa vijiti vinavyowaka, na ikiwa bado na joto la moshi aliipaka samli ndani, akaipangusa, akaiacha kivulini. Kesho yake ndani pamekauka. "Imekunywa," mama alisema kwa furaha, akapaka tena. Haan mpya ilikunywa na kunywa mpaka siku moja ikashiba, na tangu hapo maziwa yaliteleza ndani yake bila kuganda ukutani, na kusuuza mara moja kwa maji kidogo kulitosha. Shamis alilijua neno hilo kabla hajajua kusoma: chombo kinachokunywa mafuta ni chombo chema.

Mama alipofariki, haan ilitundikwa ukutani. Ni nzito, huchukua maziwa kidogo, na waendesha pikipiki hawaipendi. Shamis akanunua mtungi wa plastiki kama wenzake.

Sasa plastiki nayo ina vituko vyake. Maziwa huacha utando mwembamba kwenye kona za chini, na mabaya zaidi huingia ndani ya ule mkono wa kushikia, ambao ni mwanya mtupu usiofikiwa na kidole cha binadamu. Wanawake hutia mchanga na vijiwe, wakautikisa mtungi hadi mabega yawaume. Mwaka ule wa kiangazi kikali maji ya kuoshea yalikuwa ya kuombana, na mitungi ikaanza kuchachusha maziwa kabla ya adhuhuri. Wanawake walihangaika. Shamis alihangaika kuliko wote, maana mwenye pua hawezi kuuza maziwa yanayonuka.

Hapo ndipo akili ilipomjia, na akili ikimjia mtu mwenye sifa haipigi hodi. Samli ilikuwa adimu, basi alichukua mafuta ya kupikia, akayatia ndani ya mtungi, akauzungusha ukuta wote ukang'aa, akamimina yaliyobaki. Asubuhi yake maziwa yalitoka mtungini mpaka tone la mwisho. Hakuna utando, hakuna kona iliyoganda. Alisuuza kwa kikombe kimoja cha maji na mtungi ukawa safi. Shamis alikaa chini akacheka peke yake.

Baada ya muda mfupi maziwa yakaanza kunata tena. Aliingiza kijiti kilichofungwa kitambaa, akapangusa ukuta wa ndani, kitambaa kikatoka kikavu. Mtu mwingine angejiuliza mafuta yamekwenda wapi. Shamis alifurahi. "Umekunywa!" aliuambia mtungi, kama mama yake alivyoiambia haan, na tangu siku hiyo kila alasiri kabla ya pikipiki kuja akaupa mengine. Mtungi ukanywa. Akaongeza, ukanywa. Haukushiba hata siku moja, naye akalihesabu hilo kuwa hamu njema ya kula.

Hakumwambia mtu. Wenzake walimuuliza, "Shamis, maji hakuna, na mtungi wako hauchachi, unafanyaje?" Alitabasamu tu, akasema ni mkono wa marehemu mama. Angeitoa siri yake, huenda mwenzake mmoja angeuliza swali dogo la kumfungua macho. Lakini sifa ni tamu, na mtu hamgawii jirani kitu kitamu anachokula kwa kujificha.

Katika kiangazi hicho hicho alikuja Bilan. Alikuwa mjane kijana kutoka Eldas. Mifugo ya mumewe ilikuwa imekwisha kwa ukame, na mume mwenyewe akaifuata. Kaka yake, mwenye ngamia wachache upande wa Habaswein, alikubali kumpa maziwa auze alee watoto. Alifunga kitambaa chekundu chenye maua, akaketi mwisho kabisa wa banda, kimya. Shamis ndiye aliyemwita. "Njoo huku, abaayo, kaa karibu nami," alimwambia, yaani dada yangu, na akamwonyesha jinsi ya kufukiza mtungi na jinsi ya kuwapungia madereva wa mabasi. Asubuhi alimsaidia kumimina, ameushika mtungi wa Bilan kwa mikono yake miwili. Tukubali kwamba moyo wake ulikuwa mwema. Ni mdomo tu.

Siku ya matata ilianza na Musyoka. Huyu ni Mkamba wa Kitui, mwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, na madereva wa malori wanamfahamu kuliko wanavyofahamu ndugu zao. Alivuka barabara na gilasi mkononi, ameishika kwa ncha za vidole.

"Mama Shamis, kuja uone maajabu," alisema. "Chai yangu leo inaniangalia."

Juu ya chai kulikuwa na macho ya mafuta, ya manjano, makubwa kwa madogo, yakizunguka. Maziwa ya ng'ombe yangeweza kusingiziwa. Lakini mafuta ya maziwa ya ngamia hayapandi juu kirahisi, hukaa ndani yamechanganyika, na kila mwanamke bandani alilijua hilo. Macho yale yalitoka kwingine.

"Musyoka, sufuria yako nachafu," Shamis alimjibu kwa Kiswahili chake. "Jana nabika nyama, leo nabika chai. Sasa nasema maziwa yetu iko mbaya?"

"Sufuria nimesugua na mchanga mimi mwenyewe. Dereva amemwaga chai yangu nje, mama. Ona tu ndani ya mkebe wenu."

Waliangalia mkebeni. Yalikuwamo.

Ugbad, mama mzee aliyekiongoza kikundi, hakupandisha sauti. Alijifunika shungi lake vizuri akasema kwa Kisomali, kila mtu asikie: "Mwenye kutia maji huyafunika kwa mafuta, ili maziwa yasionekane mepesi. Tumeyaona haya kwingine. Kuna mtu kati yetu." Kisha akamgeukia Shamis. "Una pua. Tutafutie."

Shamis akainuka, na tuseme kweli, aliinuka kwa raha. Alipita mtungi kwa mtungi akiinama na kuvuta hewa, wote wamemtazama. Wake aliuruka. Ningesema aliuruka kwa hila, lakini ningemsingizia. Alijua kwamba ameupaka mafuta, ila katika akili yake mafuta yale yalishanywewa zamani na hayakuwa mafuta tena, yalikuwa mtungi. Isitoshe, pua haisikii harufu ya nyumba yake. Nguo zake, viganja vyake, shungi lake, vyote vilinuka mafuta ya kupikia kwa majuma, naye hakuyasikia.

Alipoinamia mtungi wa kitambaa chekundu, ule aliousaidia kumimina asubuhi kwa viganja hivyo hivyo, harufu ilimpanda puani.

"Ni huu," alisema.

Bilan alimtazama kwanza kama anayengoja utani umalizike. Alipoona haumaliziki, uso ukamwiva. "Sikutia kitu, abaayo. Wewe umeniona nikimimina."

"Nimenusa nilichonusa."

"Nileteeni Msahafu."

Jambo hilo si dogo kwa watu hawa. Msahafu uliletwa kutoka duka jirani, umefungwa katika kitambaa cheupe. Bilan alitia udhu kwa maji ya birika, akauwekea mkono, akaapa kwamba hakutia maji wala mafuta katika maziwa, na Mungu amuulize kwa watoto wake kama anasema uongo. Mtu akishaapa hivyo, maneno hukoma. Ndiyo desturi, na Ugbad alikwisha kufungua mdomo kusema yamekwisha.

Shamis aliona pua yake inataka kuitwa mwongo mbele ya watu wote. Akasema, na akasema kwa sauti, hata Musyoka asiyejua Kisomali aligeuka: "Njaa nayo huapa."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na sijui kama Shamis aliwahi kuusikia msemo huo, maana ni wa Kiswahili. Lakini aliyaona macho ya Bilan. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya mtu aliyesukumwa na mkono uliokuwa umemshika. Bilan aliufunga mtungi wake, akaubeba mgongoni, akatoka chini ya mabati. Hakuna aliyemwita arudi.

Tangu hapo akauza peke yake juani, karibu na tuta la barabara, akiyakimbilia mabasi yanapopunguza mwendo. Maneno ya mji yalimfuata. Kumuuzia mtu maziwa ya maji watu husamehe, ila kuapa uongo juu ya Msahafu na kuwataja watoto katika kiapo hicho ni jambo jingine. Wanawake walipompita walivuta nguo zao karibu.

Lakini macho ya mafuta hayakumfuata Bilan. Yalibaki kwenye chai ya Musyoka. Wanawake wakasema ni masalio, wakausugua mkebe mkubwa kwa majivu, wakausugua tena. Shamis alisugua kwa nguvu kuliko wote.

Kisha mtungi wake ulianguka kutoka kwenye pikipiki, ukiwa mtupu bado, mahali penye mawe, ukapasuka ubavuni. Mwenye pikipiki aliurudisha akiomba radhi. Shamis hakukasirika. Alichukua kisu akaanza kuukata apate chombo cha kunyweshea mbuzi wake wa nyumbani. Alikuwa ameupaka muda mfupi tu kabla, alasiri ile ile, kwa ukarimu, maana joto lilikuwa kali.

Alipoukata mkono wa mtungi, mafuta yalimwagika magotini pake.

Yalikuwa mafuta ya zamani, yamegeuka rangi, yananuka, yamejikusanya katika ule mwanya mtupu wa mkono. Shamis aliuinua ubavu wa mtungi uso kwa uso na jua. Kule chini, katika kona, kulikuwa na kidimbwi kingine, kipya. Na ukuta wote wa katikati, ule aliokuwa ameupaka mara zisizohesabika, ulikuwa mkavu. Alipitisha kidole, kidole kikalia kwenye plastiki. Hakukuwa na kitu. Plastiki haikuwa imeonja hata tone moja tangu siku ya kwanza. Mafuta yalikuwa yakishuka tu kwa joto, yakikaa chini na katika mkono wa mtungi, yakingoja maziwa ya asubuhi yaje yayabebe. Yalibebwa mpaka kwenye mkebe, na kutoka mkebeni mpaka kwenye gilasi ya Musyoka.

Alikaa na kipande kile mapajani. Kwa sababu moyo wa mtu mwenye hatia hutafuta mlango wowote, alisimama akaenda ukutani akaitundua haan ya mama yake. Ilikuwa na vumbi. Haikuwa imetiwa samli tangu mazishi. Aliiweka karibu na makaa ya chai, akaigeuza taratibu, akitumaini kuona imekauka nayo, ili aseme kwamba mafuta ndiyo tabia yao, hayakai popote. Haan ilipopata joto ilianza kutoka jasho. Vitone vidogo vya samli vikachomoza kati ya nyuzi, kila jicho la msuko likatoa chake, mpaka ukuta wa ndani ukang'aa. Alipoiondoa motoni, nyuzi zikavirudisha ndani. Samli ya mama haikuwa imepakwa juu ya chombo. Ilikuwa imekaa ndani ya chombo, na hata maziwa ya miaka mingi hayakuweza kuiondoa.

Shamis aliona aibu. Masikio yalimwaka, akafunika uso kwa shungi ingawa hapakuwa na mtu. Aibu ya kwanza ilikuwa ya mama yake, kwamba amelitumia neno lake bila kuelewa maana yake. Lakini hiyo ilipita haraka. Iliyobaki ilikuwa ya Bilan ameweka mkono juu ya Msahafu, amesema kweli tupu, na yeye Shamis, mchafuzi mwenyewe, akamcheka kwa njaa yake. Nyani haoni kundule, na huyu nyani alikuwa amepewa kazi ya kukagua makundu ya wenzake.

Ungedhani alikimbia bandani akasema. Hakukimbia. Alikificha kipande cha mtungi chini ya kitanda, akanunua mtungi mwingine, akaufunga kitambaa cha kijani, akauosha kwa maji ya moto bila mafuta. Macho katika chai yakaisha. Musyoka akaja kuwashukuru. "Sasa chai imelala usingizi," alisema, "huyo mama mliyefukuza ndiye alikuwa shida, nyinyi mna akili." Wanawake wakamtazama Shamis kwa heshima. Yeye aliangalia chini, nao wakaona ni unyenyekevu.

Aliacha kupita karibu na tuta la barabara. Alizunguka nyuma ya msikiti, njia ndefu yenye vumbi, ili asikutane na kitambaa chekundu. Alipoonjeshwa maziwa na jirani zake, alisema "waa yahay" kwa midomo tu. Walipomwomba anuse, alisema ana mafua. Katika swala alisahau alipofika, akaanza upya, akasahau tena.

Mwishowe akabuni njia ya katikati, ambayo ndiyo njia wanayoipenda waoga wote. Asubuhi moja alisema mbele ya kikundi: "Tumrudishe Bilan. Ana watoto. Tumsamehe."

Banda zima likasema mashallah. Ugbad alimshika mkono. "Wewe ndiye uliyemnusa, na wewe ndiye unayemwombea. Mungu akuzidishie moyo huo. Nenda ukamwite wewe mwenyewe."

Hakuna tusi ambalo lingemuumiza Shamis kama dua ile. Alikwenda.

Bilan alikuwa ameketi juu ya jiwe, mtungi katikati ya miguu, amejikinga jua kwa kipande cha boksi. Alikuwa amekonda. Hakuinuka.

"Abaayo," Shamis alianza, "kikundi kimekaa. Tumekusamehe. Rudi."

"Mmenisamehe nini?"

Basi lilipita, vumbi likawafunika wote wawili, na lilipotulia swali lilikuwa bado pale.

"Nikirudi kwa msamaha wenu," Bilan alisema, bila ukali, "nimekubali kwamba niliapa uongo. Kaka yangu amesikia huko malishoni. Ameniuliza kwenye simu: uliapa kwa watoto? Nikamwambia niliapa, na niliapa kweli. Akakata simu. Maziwa bado ananiletea, lakini haongei nami. Kivuli cha mabati nakitaka, jua hili linaniua. Ila siwezi kukinunua kwa hicho unachonipa."

Hapo njia ya katikati ikamwishia Shamis miguuni. Alitaka kusema pale pale, wakiwa wawili tu, na akaona kwamba huo nao ungekuwa ujanja. Tusi lilitolewa mbele ya watu.

"Kesho asubuhi uje bandani," alimwambia. "Usije kwa msamaha. Njoo usikie."

"Nisikie nini?"

"Njoo tu, Bilan. Nakuomba."

Asubuhi ile wanawake walimwona Shamis akija na mtungi mmoja mgongoni na nusu ya mtungi mkononi. Ile nusu bado ilikuwa na kitambaa cha zamani cha kijani. Bilan alisimama nje ya mabati, mguu mmoja juani. Musyoka alikuwa amekuja na ndoo yake kuchukua maziwa.

Shamis hakuketi. Alikiinua kipande kile juu. Aliwaambia yote, kuanzia siku aliyotia mafuta mara ya kwanza. Aliwaambia alivyodhani mtungi unakunywa kama haan. Aliuingiza mkono wake, akawaonyesha ukuta mkavu na mwanya wa mkono wa mtungi wenye masalio ya mafuta, akawapitishia wanuse wenyewe, maana pua yake sasa haikuwa ya kuaminiwa. "Mafuta mliyoyaona yalikuwa yangu," alisema. "Mtungi wa Bilan ulinuka viganja vyangu. Aliapa kweli. Nimejua tangu mtungi huu ulipopasuka, nikanyamaza. Na mliponisifu kwa kumwombea, nilinyamaza pia."

Hilo la mwisho ndilo lililowashika zaidi. Mwanamke mmoja alikirudisha kile kipande chini kana kwamba kimemchoma. Mwingine alisema astaghfirullah na kujifunika mdomo. Musyoka hakuelewa Kisomali chao, lakini alikiona kitambaa cha kijani na mafuta, na akatazama ndoo yake kama mtu aliyekuta ugomvi wa nyumba ya watu.

Ugbad alikiokota kile kipande, akakinusa. Alikuwa ameumia, kwa sababu naye alikuwa ameomba dua isiyostahili. "Basi na wewe utaapa," alisema hatimaye. "Mwenzako aliapa. Leteni Msahafu. Shamis aape kwamba yalikuwa mafuta ya mtungi tu, na hakutia maji."

Shamis alinyoosha mkono kupokea birika la udhu, akaona nafuu. Kiapo chenyewe kilikuwa cha kweli, kirefu kidogo, kisha yangekwisha. Angekuwa ameapa kama Bilan alivyoapa, wakawa sawa.

"Hapana, eddo," Bilan alisema kutoka nje. Aliingia chini ya mabati, akamwita Ugbad kwa jina la heshima, shangazi. "Asiapishwe."

"Kwa nini? Wewe uliapishwa."

"Ndiyo sababu. Mtu anaweza kuapa kweli na bado akatazamwa kama mwongo. Mimi nimetazamwa hivyo. Ninamwamini, asiape."

Mkono wa Shamis ulibaki umenyooshwa, kisha ukashuka. Angetukanwa angevumilia. Hakujua afanye nini na kuaminiwa huko.

Bilan alitua mtungi wake mahali pake pa zamani, pembeni mwa Shamis, akakaza kitambaa chekundu kilicholegea kwa jua. Akafungua kifuniko, akamimina maziwa kidogo ndani yake, akamnyooshea jirani yake kama desturi ilivyotaka. Shamis alikipokea kwa mikono miwili, akaonja. Yalikuwa mazuri, yenye moshi kidogo, moshi ambao yeye mwenyewe alimfundisha Bilan kuufukiza. Machozi yakamjaa.

"Waa yahay," alinong'ona.

Bilan hakukichukua kifuniko. "Sema kwa sauti, abaayo," alimwambia taratibu. "Siku ile ulisema kwa sauti."

Naye Shamis akavuta pumzi, akasema tena, na safari hii hata madereva waliokuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha Musyoka, waligeuza vichwa kutazama.